Ndoa ya watu saba Ruaha: saa ya jua na saa ya geti

Mwanga mzuri wa jioni Ruaha, mwezi wa tisa, unaanza kama saa 11:15, na jua linazama karibu na saa 12:40. Kabla giza halijaingia hifadhi inataka gari lako liwe limeshatoka getini au limeegeshwa kambini, kwa sababu kutembea na gari gizani bila kibali hakuruhusiwi. Dakika unazozitaka wewe ndizo ambazo askari wa geti anaangalia saa. Nilipopanga ratiba ya kwanza sikulifikiria hilo, na likanila kiingilio cha siku nzima na tangi la dizeli. Naandika kwa ajili ya wapiga picha wa Dodoma na Iringa wanaoanza kupigiwa simu na maharusi wasiotaka ukumbi.

Hawa walikuwa watumishi wawili wa Dodoma waliochoka kabla hawajaanza: kamati, kadi za michango, sendofu, ukumbi wa watu 300, mshereheshaji wa kulipwa mapema. Wakaamua watu watano tu: wao wawili, mashahidi wawili na mama wa bibi harusi. Wenyewe waliita "kutoroka". Mama hakulipenda neno hilo, maana kwa wazee kutoroka na binti wa watu ni kesi, na kesi inaisha kwa ng'ombe. Alilegea alipokumbushwa kwamba mahari imeshapokelewa na kwamba yeye mwenyewe atakuwemo garini.

Walitaka picha zenye sura ya jangwa. Kanda ya kati haina jangwa. Ina nyika kame, mvua ya msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, halafu miezi ya vumbi, upepo na majani ya rangi ya chai. Ila Ruaha ina mito ya mchanga, na mto wa mchanga mwezi wa tisa unakupa kila kitu ambacho mtu anakiona akifumba macho na kusema jangwa.

Jambo la kwanza la kumaliza ni ndoa yenyewe, kabla ya picha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kwa msajili na mashahidi wasiopungua wawili. Ukitaka kufungia ndoa porini kabisa, lazima mfungishaji mwenye leseni asafiri nawe, alipiwe kiingilio, kiti, chakula na malazi, na karatasi zisainiwe upepo ukivuma. Tuliamua kutenganisha: ndoa ya bomani Dodoma siku ya Alhamisi, cheti mkononi, kisha Ijumaa safari, na kule porini wasomeane ahadi walizoziandika wenyewe, mama afunge kwa sala. Namshauri kila mtu afanye hivyo. Cheti kikiwa kimeshatoka, tembo akija katikati ya ahadi hamna kilichoharibika kisheria.

Kibali ndicho kinachokula muda. Kiingilio cha kawaida ni cha mtalii anayepiga picha zake. Anayepiga picha kwa malipo, na anayetaka kufanya shughuli yoyote hifadhini, anatakiwa kuandika barua mapema. Andika kwa mkuu wa hifadhi, utaje tarehe, idadi ya watu na uraia wao, idadi ya magari na namba zake, vifaa vyote vya picha, sehemu unayotaka kushukia na muda utakaokaa chini. Barua yangu ya kwanza ilisema "picha za harusi" basi, ikarudishiwa maswali yaleyale niliyoyataja hapa, na wiki mbili zikapotea. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo au kadi. Usifike na bahasha ya noti ukidhani utamalizana na mtu dirishani. Kila kichwa kinalipiwa, dereva na msaidizi wa kushika rifleta (ubao wa kurudisha mwanga) wakiwemo, na gari pia lina tozo yake. Kwa sababu hiyo dada wa bibi harusi, ambaye ni shahidi, ndiye aliyempaka dada yake vipodozi, na msaidizi sikumchukua.

Droni iacheni Dodoma. Inahitaji vibali vyake, vya anga na vya hifadhi, na bila hivyo ni kifaa cha kunyang'anywa. Confeti, mchele na maua ya plastiki yaacheni pia. Mchele unaita nyani, na nyani akishajifunza kwamba gauni jeupe lina chakula hakuachi. Na kama mtu wenu ana suruali ya mabaka ya kijeshi anayoiona ya porini porini, avue kabla hamjaondoka nyumbani, maana raia haruhusiwi kuvaa sare za namna hiyo popote nchini.

Mwezi mmoja kabla nilikwenda kukagua mahali. Niliingia saa 4 asubuhi, kama mgeni wa kutwa, nikatoka saa 11:40 jioni. Nilichokiona siku hiyo ni jua la utosini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lilipoanza kulainika mimi nilikuwa kwenye foleni ya kutoka. Hapo ndipo nilipoipindua ratiba. Kwa anayelala ndani, kiingilio kinahesabiwa saa 24 tangu muda ulioandikwa kwenye risiti. Ukiingia saa 9 alasiri, ukalala ndani kwenye mabanda ya hifadhi pale Msembe, ukatoka kabla ya saa 9 kesho yake, umelipa kiingilio cha siku moja na kupata mwanga wa jioni na wa asubuhi. Gharama ya kulala inaongezeka, kweli, na mabanda yanawahiwa miezi ya kiangazi. Lakini mwanga wa adhuhuri huwezi kuuuza kwa bei yoyote.

Ukaguzi ulinifundisha na mengine mawili. La kwanza ni mto. Watu wanafikiria Ruaha Mkuu ni maji mengi mwaka mzima, na zamani ilikuwa hivyo. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu ya yanayofanyika na maji yake huko juu, kwenye bonde la Usangu. Mwezi wa tisa na wa kumi unakuta vidimbwi, na katika kila kidimbwi viboko na mamba wamebanana. Usimwahidi mteja kusimama ukingoni. Chagua korongo la mchanga kama Mwagusi, sehemu pana unayoweza kuona mbali pande zote mbili, isiyo na vichaka karibu. Tembo wanachimba visima kwenye mchanga huo kutafuta maji, kwa hiyo ukiona shimo lenye unyevu na kinyesi kibichi, hapo ni kwao, songa mbele.

La pili ni mlima. Programu ya simu iliniambia jua linazama saa 12:38. Ni kweli kwa uwanda tambarare. Lakini magharibi ya mto kuna kingo za milima, na pale nilipopachagua kwanza, kwa hesabu ya dira na urefu wa kingo hizo, kivuli kingeanza kufika saa 12:15. Dakika 23 za mwanga bora zingekuwa nyuma ya mawe. Simama mahali penyewe na dira, tazama kilichopo upande wa magharibi, kisha punguza.

Sasa mavazi, na hapa nitakaa kidogo.

Bwana harusi alikuwa ameshonesha suti ya buluu iliyokoza, kali kabisa, ya fundi mzuri. Mitego ya kukamatia mbung'o, wale ambao wengine wanawaita ndorobo, inatengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Nilijua hilo, nikasahau kulisema. Tulipovuka sehemu yenye miti, wakaanza kufuata gari. Wanafuata kitu kikubwa kinachotembea. Tulipofungua milango walikwenda kwake kama wamealikwa. Mbung'o anatoboa kitambaa cha suti bila shida, na dawa nyingi za kupaka za mbu hazimsumbui sana. Kwenye picha za kwanza za jioni bwana harusi ana uso wa mtu anayedaiwa. Katika fremu moja iliyo karibu, ya lenzi ya milimita 85, kuna watatu kwenye bega la kushoto, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa, na mkono wa bibi harusi uko hewani unakwenda kuwapiga. Mpigaji mwingine angeifuta. Hiyo wameipenda.

Asubuhi alivaa shati la kaki la dereva. Waambieni wateja mapema: kaki, mchanga, kijivu, kijani iliyopauka, kahawia. Nyeupe ya gauni haina tatizo la mbung'o, ina tatizo la vumbi. Gauni lisiburute, lifike kwenye kifundo cha mguu. Shela isizidi urefu wa mkono, ishikwe kwa pini nne au zaidi, maana upepo wa kiangazi wa kanda hii hautanii. Viatu vya kisigino kirefu vinazama kwenye mchanga hadi soli. Akitaka lazima, avivae kwenye picha za kukaa.

Vifaa: kamera mbili, moja ina lenzi ya milimita 35, nyingine 85, na lenzi ndefu ya 70-200 mfukoni kwa ajili ya mbuyu na wanyama. Sababu ya kubeba mbili si kuharibika tu. Ni ili usibadilishe lenzi nje. Vumbi la barabara ya Iringa kwenda hifadhini ni laini kama unga wa sembe, linaingia kwenye zipu. Ikibidi kubadilisha, fanya ndani ya gari lililozimwa kwa dakika tano, madirisha yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini. Kila kamera niliivisha foronya, kisha begi zima nikalifunika kanga. Lenzi ikipata mchanga, puliza kwa pampu ya mkono. Usifute, utakwangua kioo. Jioni piga picha moja ya anga tupu kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), ikuze kwenye kioo cha kamera, utaona madoa ya kihisi kama yapo. Wapiga picha wa Dar wamezoea lenzi kutoa jasho ukitoka kwenye kiyoyozi. Huku hewa ni kavu, hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni joto: kamera iliyoachwa kwenye dashibodi saa moja haishikiki. Betri sita, zote zichajiwe Iringa, usitegemee umeme wa porini.

Safari: Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni kama kilomita 260 za lami, na mlima wa Nyang'oro unataka gia ndogo. Kutoka Iringa mjini hadi getini ni zaidi ya kilomita 110, na vumbi ni la kutosha. Kwa kwenda, kurudi na mizunguko ya ndani hesabu kilomita 870, na kwa Land Cruiser inayokwenda kilomita 7 kwa lita ni lita 124 hivi. Jaza Iringa, tangi lijae. Beba tairi mbili za akiba, maji lita tano kwa kila mtu kwa siku, na chakula chote. Tuliondoka Dodoma saa 11:30 alfajiri, tukagonga geti saa 8:50 mchana, tukangoja dakika kumi ndipo risiti iandikwe. Dereva alidhani nimechanganyikiwa.

Kosa kubwa lililobaki lilijitokeza Msembe, tulipokwenda kumchukua askari. Kushuka kwenye gari nje ya sehemu zilizoruhusiwa kunataka askari mwenye silaha, na askari ana mwili, anahitaji kiti. Gari letu lilikuwa la watu saba na sisi tulikuwa saba. Nilihesabu maharusi, mashahidi, mama, dereva na mimi, yeye sikumhesabu. Jioni ile shahidi wa bwana harusi akabaki bandani. Asubuhi akabaki dada wa bibi harusi, baada ya kumaliza kumpaka. Kwa hiyo porini kote hakuna picha hata moja yenye wote watano.

Askari alituweka sawa kabla ya kushuka. "Mpiga picha, hapa nikisema gari, unapanda gari. Picha utanidai baadaye." Alitoa soksi yenye majivu mfukoni, akaitikisa, majivu yakaenda kulia. Akatuhamisha hatua thelathini, ili harufu yetu isiende kule korongo linakopinda. Tembo anaona vibaya lakini ananusa mbali. Kanuni nyingine zilikuwa fupi: gari likae na pua upande wa kutokea, dereva asishuke, hakuna kwenda zaidi ya mita 20 kutoka garini, hakuna muziki, flashi hapana.

Jioni tulipata dakika 35. Tuliacha mambo ya kupanga panga na kuanza na ahadi, kwa sababu hizo hazirudiwi. Kinasa sauti kidogo kilikuwa mfuko wa ndani wa koti la bwana harusi, kimevikwa soksi ya sufu kuzuia upepo. Jua lilikuwa nyuma yao kwa pembeni, mchanga mweupe mbele yao ukirudisha mwanga usoni. Mchanga wa korongo ni rifleta ya bure. Udongo mwekundu ni adui: unapaka gauni na kidevu rangi ya chungwa kutoka chini, na kuitoa baadaye ni kazi ya picha moja moja. Ukilazimika kusimama juu yake, tandika shuka jeupe mbele ya miguu yao, nje ya fremu.

Kupima mwanga kwa ngozi nyeusi na gauni jeupe ndani ya fremu moja ndiko wengi wanakokosea. Kamera ikijiamulia inaangalia gauni, inaogopa, inatia giza nyuso. Mimi napima usoni, kisha naangalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) ili shela isiungue. Ikigusa ukingo wa kulia kidogo tu, faili la RAW (picha ghafi ya kamera) litairudisha. Saa moja baada ya jua kuchomoza nilikuwa f/4, 1/800 ya sekunde, ISO 200 (usikivu wa kamera kwa mwanga). Jua lilipozama na tukabaki na mwekundu wa angani, f/2, 1/200, ISO 1600, na hapo una dakika 15 za maana. Kwetu huku giza linaingia haraka, usingoje. Tulikuwa bandani kabla giza halijaingia na moyo ulikuwa umetulia.

Asubuhi ilikuwa bora kuliko jioni, na kama ungenilazimisha kuchagua moja ningechagua hiyo. Upepo bado umelala, hakuna mazigazi, vumbi la jana limetua, na saa haikukimbizi, inakuongezea mwanga. Tuliondoka kambini jua likichomoza, saa 12:35, tukaenda kwenye mbuyu. Kiangazi mbuyu hauna majani, na magome ya wengi huku yana makovu ya pembe za tembo, makubwa ya kuingiza mkono. Kosa la kawaida ni kuwabandika maharusi kwenye shina na kupiga kwa lenzi pana. Unapata ukuta wa kijivu na watu wawili waliovimba pembeni. Waache mbele kidogo ya mti, wewe rudi nyuma hadi mwisho wa mita alizoruhusu askari, tumia milimita 85 au 100. Mti unakua, wao wanakuwa wadogo kwa uzuri. Ifikapo saa 3 asubuhi acha lenzi ndefu kwa vitu vya mbali. Ardhi inaanza kuchemka na kila kitu kilicho zaidi ya mita mia kinatetemeka, hata uwe na lenzi ya bei gani. Wengi wanalaumu fokasi.

Bei. Niliwatoza kazi ya siku moja, kwa sababu "ni watu watano tu". Kwa kweli ilikuwa siku moja ya ukaguzi, moja ya bomani, mbili za safari na picha, na tatu za kusafisha picha, nusu yake nikiondoa vumbi na rangi ya chungwa. Ukumbi wa watu 300 unaisha usiku mmoja na chakula unapewa. Andika kwenye mkataba: viingilio, kibali, mafuta, malazi na askari viko nje ya malipo ya picha, na mteja avilipe mwenyewe moja kwa moja. Andika pia nini kitatokea askari akiamuru muondoke. Nakala za picha nilitengeneza mbili palepale bandani, moja kwenye begi langu, nyingine kwenye begi la mama, na kadi sikuzifuta hadi nilipofika Dodoma.

Picha ya wote watano tuliipiga saa 4:30, tukiwa tunapakia mizigo, upande wa kivuli wa banda. Mwanga ulikuwa bapa, ukuta una alama za mikono, na kwenye kona kuna ndoo ya buluu ya maji yenye mbung'o wawili juu ya kifuniko. Bwana harusi bado yuko kwenye shati la dereva. Nilipowapelekea nilikuwa nimeifuta ndoo. Mama akapiga simu kuuliza ndoo iko wapi, na picha iliyokwenda kuchapwa kwa sentimita 60 kwa 90 ni ile yenye ndoo.